Harriet Powers, Mshonaji wa Mifarishi ya Picha

Katika upande wa kusini wa Marekani liko jimbo liitwalo Georgia. Katika karne ya 19 zao kubwa la jimbo hilo lilikuwa pamba, nayo ililimwa na watumwa, watu weusi ambao wazee wao walitwaliwa kwa nguvu katika Afrika, hasa upande wa magharibi, wakavushwa bahari katika merikebu. Karibu na mji wa Athens, katika jimbo hilo, tarehe 29 Oktoba 1837, alizaliwa mtoto wa kike, akaitwa Harriet. Mama yake alikuwa mtumwa, na kwa sheria ya nchi ile mtoto wa mtumwa alikuwa mtumwa tangu siku ya kuzaliwa kwake. Mabwana zake waliitwa John na Nancy Lester.

Msomaji asidhani ya kuwa pamba ya huko haikutuhusu sisi. Sehemu ya pamba ya majimbo ya kusini ilipelekwa majimbo ya kaskazini, ikafumwa huko katika viwanda, na merikebu za mji wa Salem zikaileta Unguja, nayo imekwisha kuwa majora ya nguo nyeupe. Wazee wetu waliivaa, wakaipeleka bara mabegani mwa wapagazi, wakaiita merikani kwa jina la nchi ilikotoka. Mwaka 1833 Seyyid Said alifanya mapatano ya biashara na Wamarekani. Hata vita vilipotokea kwao, toka mwaka 1861 mpaka 1865, merikani ikaadimika Unguja, na nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikashika mahali pake. Hivyo mtu wa Tabora aliyejifunga shuka ya merikani alijifunga jasho la watu kama wazazi wa Harriet, wala hakujua.

Wanawake watumwa walikuwa na kazi mara mbili. Mchana walikuwa shambani au jikoni mwa bwana, na usiku walisokota nyuzi, wakafuma, wakashona nguo za watu wa nyumba kubwa na za watoto wao wenyewe. Nchi ile ina majira ya baridi, na vibanda vyao vilikuwa na nyufa. Kwa hiyo kila kipande cha nguo kuukuu kilichobaki walikiweka akiba, wakaviunga vipande hivyo kuwa nguo nzito ya kujifunika. Harriet alikulia katikati ya kazi hizo.

Jambo jingine alilipata ambalo watumwa wengi walinyimwa. Sheria ya Georgia ilikataza mtu asimfundishe mtumwa kusoma, na aliyeivunja aliadhibiwa. Walakini watoto wa kizungu wa nyumba ile walimfundisha herufi, na yaliyosalia akajifunza mwenyewe kwa kusoma Biblia. Mkumbuke neno hili, maana tutalirudia mbele.

Mwaka 1855 Harriet aliolewa na Armstead Powers, naye alikuwa na miaka 17 au 18. Walizaa watoto wasiopungua tisa, na baadhi yao wakafa wangali wadogo. Miaka kumi ilipopita baada ya ndoa yao vita vikaisha, na mwaka 1865 utumwa ukaondolewa katika Marekani yote. Basi Harriet akawa mtu huru, akiwa na miaka 27, lakini uhuru haukuja na jembe wala shamba. Watumwa waliofunguliwa walitoka mikono mitupu. Mume na mke walifanya kazi kwa miaka mingi, na katika miaka ya 1880 tunawaona wana shamba lao wenyewe la ekari 4 karibu na Athens. Ekari 4 si kitu mbele ya tajiri, lakini kwa watu ambao zamani wenyewe walihesabiwa pamoja na mali ya mtu mwingine, ni kitu kikubwa sana.

Sasa yatupasa kueleza mfarishi ni kitu gani, maana katika nchi zetu za joto si wengi waliouona. Mfarishi una tabaka tatu. Chini ni bitana, kitambaa kisicho na pambo. Katikati hutandazwa pamba iliyochambuliwa na kuchanwa hata ikawa laini. Juu ni uso, na hapo ndipo fundi huonyesha akili zake. Tabaka tatu hizo hushonwa pamoja kwa mishono midogo inayopenya toka juu hata chini, mistari kwa mistari, ili pamba ya katikati isikusanyike upande mmoja nguo ifuliwapo. Kazi ya mishono hiyo peke yake huchukua majuma mengi.

Uso wa mfarishi hufanywa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuunga vipande vidogo ubavu kwa ubavu mpaka vifanye nguo nzima, kama mkeka unavyounganishwa kwa ukili. Njia ya pili ni kutandaza kitambaa kizima, na juu yake kupachika maumbo yaliyokatwa kwa mkasi: mtu, ndege, nyota, au ua. Ukitaka kupachika umbo, kwanza ulikate kubwa kidogo kuliko unavyolitaka. Halafu kunja ukingo wake ndani, upana wa ukucha, ukalipige bandi mahali pake. Kisha ulikunge pande zote kwa mishono midogo, ndipo ung'oe uzi wa bandi. Asiyekunja ukingo ataona nyuzi zikifumuka mfuo wa kwanza. Penye pembe kali na penye mviringo ndipo kazi ilipo ngumu, na mwanafunzi hutambulikana hapo. Harriet alijua njia zote mbili, na alitumia mkono pamoja na cherahani.

(Mvulana asomaye haya asifunike kitabu akisema hii ni habari ya wasichana. Mafundi wa kushona wanaokaa barazani na vyerahani vyao katika miji yetu ni wanaume wengi, na kofia nzuri za pwani zimetobolewa na kudariziwa kwa mikono ya wanaume na ya wanawake.)

Katika miaka ya 1880 Harriet aliingia katika kanisa la Wabaptisti, na kwa furaha yake akashona mfarishi wa Karamu ya Bwana. Uso wake ulifanywa kwa vipande 2,500 vya pembe nne, vilivyochongoka juu na chini kama kishada cha watoto. Hebu msomaji ahesabu: kama angaliunga vipande kumi kila usiku bila kukosa hata siku moja, kazi ile ingalichukua siku 250.

Baada ya hapo akafanya kazi iliyompa jina lake. Nayo ni mfarishi wenye urefu wa futi 7 na inchi 5, na upana wa futi 6 na inchi 3, umegawanyika sehemu 11, na kila sehemu ni picha ya habari ya Biblia. Vipande alivyovikata na kuvipachika vyapata 300. Hakuna penseli wala rangi ndani yake. Kila mtu, kila mnyama na kila nyota ni kitambaa kilichokatwa kwa mkasi. Ukiutazama toka mwanzo utamwona Adamu na Hawa katika bustani pamoja na nyoka, kisha Hawa na mwanawe, kisha Shetani kati ya nyota saba. Kaini amwua Habili, na damu inaonekana wazi ikimwagika, na kondoo wako karibu. Kaini aenda nchi ya Nodi kutafuta mke. Yakobo alala, na ngazi na malaika viko juu yake. Bwana Yesu abatizwa, na Roho anashuka. Asulibiwa, na giza limeifunika nchi. Yuda amesimama na vipande vyake 30 vya fedha. Karamu ya mwisho imeandaliwa mezani. Na mwisho wa yote ni Yusufu na Mariamu pamoja na Mtoto.

Watu wake hawana macho wala vidole. Ni kama vivuli vinavyoonekana ukutani taa iwashwapo. Lakini yupi anakimbia, yupi amelala, yupi amekasirika, yote yatambulikana kwa mwinamo wa mwili na kwa mikono iliyonyoshwa. Mimi naona hapo ndipo ubingwa wake ulipo. Watu wa elimu wamezilinganisha picha hizo na nguo za mafundi wa Dahomey, katika Afrika ya Magharibi, ambao waliwashonea wafalme wao wanyama na silaha za kitambaa juu ya kitambaa. Ufanano upo, kila mwenye macho atauona.

Nyoka wa bustanini alimfanyia miguu. Wengine walipouona mfarishi walicheka, kwamba katika wanyama wote mwenye miguu ni yule asiye na miguu. Lakini asomaye kitabu cha Mwanzo kwa makini atakumbuka ya kuwa nyoka aliambiwa aende kwa tumbo baada ya kosa, si kabla. Harriet alimwonyesha kama alivyokuwa kabla ya laana. Waliocheka hawakusoma vizuri kama yeye.

Mwaka 1886 palikuwa na maonyesho ya pamba mjini Athens. Watu wa wilaya walileta mazao, mifugo na kazi za mikono, na Harriet akapeleka mfarishi wake. Katika waliopita kutazama alikuwapo mwanamke wa kizungu aitwaye Jennie Smith, mchoraji, aliyekuwa akifundisha uchoraji katika shule ya wasichana ya mji ule, na aliyekuwa amejifunza kazi yake mpaka Paris. Alisimama mbele ya mfarishi, wala hakuweza kuondoka. Akauliza habari za aliyeushona, akamtafuta hata akampata shambani kwake, akamwomba amwuzie. Harriet akakataa.  Alisema hauuzwi kwa bei yo yote.

Miaka ikapita, nayo ilikuwa migumu. Bei ya pamba ilishuka, na wakulima wadogo walikopa mbegu na chakula dukani wakitumaini mavuno, na mavuno yakaja hayatoshi kulipa deni. Deni la mwaka huu likawa juu ya deni la mwaka jana. Wengi weusi, na weupe maskini pia, walipoteza mashamba kwa njia hiyo. Nyumba ya Powers nayo ilifikiwa na shida. Basi yule mama, kwa kuhimizwa na mumewe, akapeleka habari kwa Jennie Smith kwamba sasa yu tayari kuuza. Lakini wakati ule mwalimu huyo mwenyewe hakuwa na fedha. Mfarishi ukabaki nyumbani.

Halafu, yapata mwaka 1891, Jennie Smith alituma mtu kusema ya kuwa ataununua kama ungali wauzwa. Alasiri moja gari la kukokotwa na ng'ombe likasimama mlangoni pake. Harriet ameketi ndani, na mzigo ameupakata magotini kama mtoto. Mfarishi ulikuwa ndani ya mfuko safi wa unga, na mfuko huo ndani ya gunia, ili vumbi la njiani lisiufikie. Akaomba dola 10. Jennie Smith akamwambia ya kuwa anazo 5 tu. Harriet hakujibu papo hapo. Alitoka nje akarudi garini, akafanya shauri na mumewe. Kisha akaingia tena, akasema mumewe aona afadhali azitwae zile tano kwa sababu ya ugumu wa wakati.

Na tuzipime zile dola 5. Siku zile ratili moja ya pamba iliuzwa senti 8 hivi. Basi dola 5 zilikuwa bei ya ratili 60 na kidogo, na robota moja la pamba huwa na uzito wa ratili 500 hivi. Ndiyo kusema, mfarishi wa vipande 300, wenye picha 11, kazi ya usiku wa miezi mingi, ulithaminiwa sawa na sehemu ya nane ya robota la pamba lisilosokotwa wala kufumwa. Wako wanaomlaumu Jennie Smith kwa bei hiyo, na wako wanaomshukuru kwa kuwa bila yeye mfarishi ungalichakaa kitandani ukatupwa. Pande zote mbili zina neno. Mimi nasema bei ilikuwa ndogo, na yule mnunuzi mwenyewe alijua ya kuwa mwuzaji anaachana na kitu kipenzi.

Harriet hakupokea fedha akaenda zake. Kabla ya kuuacha mfarishi aliutandaza, akamweleza mnunuzi picha moja moja, toka ya kwanza hata ya kumi na moja: huyu ni nani, kile ni nini, na kwa sababu gani amekiweka pale. Yule mwalimu akayaandika yote. Nafikiri hili ndilo tendo la busara kuliko yote aliyoyatenda siku ile. Nguo aliiuza kwa kuwa hakuwa na budi, lakini hakukubali iende bubu. Kama asingalieleza, ni nani leo angalijua ya kuwa ile duara kubwa chini ya miguu ya Yuda si kipande cha fedha, bali ni nyota? Au kwamba katika Karamu ya mwisho Yuda alivikwa rangi iliyofifia kwa makusudi, ili tabia yake ijulikane kwa nguo zake?

Hakuweza kuusahau mfarishi wake. Mara kadha wa kadha alikwenda nyumbani kwa Jennie Smith kuutazama tu. Mwenyeji wake akamwahidi kumwekea vipande vyote vya nguo vinavyobaki katika ushonaji wake, na ahadi hiyo ilimtuliza moyo kidogo. Alitamani pia siku moja kwenda kuutazama mchezo mkubwa wa wanyama uliokuwa ukitembezwa mji kwa mji, apate kuwaona wanyama wa Biblia wote pamoja. Ngamia na tembo alikuwa amewashona katika bustani ya Adamu. Watoto wetu wengine wa bara hawaoni ajabu kusikia tembo analia mtoni usiku, lakini mama yule wa Georgia aliona ni neema kubwa kumtazama mmoja aliyefungwa mnyororo.

Mwaka 1895 palikuwa na maonyesho makubwa katika mji wa Atlanta, na Jennie Smith akaupeleka mfarishi huko, watu wengi wakauona. Baadaye Harriet alimaliza mfarishi wa pili, mkubwa wa fikira kuliko ule wa kwanza. Mwaka 1898 wanawake wa chuo kikuu cha Atlanta walimpa zawadi mchungaji Charles Cuthbert Hall wa New York, aliyekuwa mkuu katika baraza la chuo kile, na zawadi yenyewe ilikuwa mfarishi huo.

Una sehemu 15. Nyingine ni za Biblia: Ayubu akiwaombea adui zake, Musa akiinua nyoka wa shaba, Yona akitupwa baharini, wanyama wawili wawili, malaika saba na vitasa vyao. Nyingine ni mambo aliyoyasikia kwa wazee wa kwao au yaliyotokea siku zake. Iko picha ya Siku ya Giza, tarehe 19 Mei 1780, ambapo upande wa kaskazini wa Marekani kulikuwa giza mchana hata watu wakawasha mishumaa. Wataalamu wa leo wanasema ulikuwa moshi wa misitu iliyoungua, ukichanganyika na ukungu. Iko picha ya usiku wa tarehe 13 Novemba 1833, nyota zilipoanguka maelfu kwa maelfu, na watu wakatoka mbio nje wakidhani mwisho wa dunia umefika. Zile hazikuwa nyota za kweli, bali chembe za vumbi la nyota yenye mkia zikiungua angani, na kila baada ya miaka 33 hivi huonekana nyingi kuliko kawaida. Harriet alikuwa hajazaliwa mambo hayo yalipotukia. Aliyapokea kwa midomo ya waliokuwapo au waliosikia kwa waliokuwapo, kama sisi tupokeavyo habari za njaa na za vita kwa babu zetu, akayatia katika kitambaa.

Lakini baridi ya mwezi wa Februari 1895 aliijua mwenyewe. Watu waliiita Alhamisi ya Baridi. Katika mfarishi yuko mwanamke aliyeganda akisali, na mwingine aliyeganda langoni, na mwanamume aliyeganda na gunia lake la unga, na mwingine na chupa yake ya pombe. Pumzi ya nyumbu imekuwa barafu puani pake. Iko pia picha ya nguruwe jike aliyeitwa Betts, ambaye inasimuliwa alitoroka akakimbia maili 500 toka Georgia hata Virginia. Kwa nini nguruwe akae pamoja na Yona na Ayubu? Wengine wanasema Harriet aliwakumbuka watumwa waliotoroka usiku, nao walielekea kaskazini kama Betts. Mwenyewe alisema tu ya kuwa alikuwa nguruwe aliyejitegemea.

Picha yake ya uso iko moja. Amesimama, mwanamke mtu mzima, amevaa vazi la kufunga mbele, na hata vazi hilo amelipachika nyota na jua.

Miaka ya mwisho haikuwa na raha. Ardhi yao iliuzwa kipande kwa kipande, na katika miaka ya 1890 yeye na mumewe wakaachana, akabaki akijilisha kwa sindano. Harriet Powers alifariki tarehe 1 Januari 1910, akazikwa Athens katika makaburi ya watu weusi yaitwayo Gospel Pilgrim. Majani yakaota, jiwe likafunikwa, na watu waliosoma habari zake wakadhani alikufa mwaka 1911. Jiwe lake lilionekana tena mwaka 2005.

Mfarishi wa kwanza Jennie Smith aliutunza mpaka alipofariki mwaka 1946. Baadaye ulitolewa kwa jumba la makumbusho la taifa katika mji wa Washington. Wa pili ulikaa katika ukoo wa mchungaji Hall, kisha mwaka 1964 ukaingia katika jumba la sanaa la Boston. Mwaka 2021 ule wa Washington ulipelekwa Boston, na kwa mara ya kwanza mifarishi yote miwili ikatundikwa katika nyumba moja, watu wapate kuitazama kwa pamoja. Rangi zimefifia, lakini mishono imeshika.

Kwa muda mrefu vitabu viliandika ya kuwa Harriet hakujua kusoma wala kuandika, na kwamba habari zote za Biblia alizisikia tu kanisani. Jennie Smith aliyaandika maneno yake kwa matamshi ya mtu asiyesoma, nao waliomfuata wakamfuata. Kisha katika karne hii yetu ikapatikana habari ya barua yake ya mwaka 1896. Humo anaeleza kuzaliwa kwake, na wale watoto waliomfundisha herufi, na jinsi alivyosoma Biblia mwenyewe, na mifarishi aliyoishona. Haikuwa miwili tu. Ilikuwa minne au zaidi, na mmoja wao ni ule wa Karamu ya Bwana, wenye vipande 2,500. Huo mpaka sasa haujaonekana.